Kukimbia kwa bledi baada ya kukatwa mguu: majibu ya mtu aliyeivaa miaka minane

Ndugu muulizaji,

Umeeleza kwamba ulikatwa mguu chini ya goti miezi minane iliyopita, kwamba tayari unatembea kwa mguu bandia bila mkongojo, na kwamba unataka kujua mambo mawili: kama zile bledi, yaani miguu bandia ya mbio iliyopinda tunayoiona kwenye Paralimpiki, michezo mikubwa ya dunia ya wenye ulemavu, zinaweza kukurudisha kwenye mbio, na kama ni kweli, kama walivyodai wachangiaji wawili waliotangulia, kwamba mwenye bledi hubebwa na springi ilhali wenye miguu yao ndio wanaotoka jasho. Mimi nilikatwa mguu wa kushoto chini ya goti miaka kumi na moja iliyopita, na miaka minane kati ya hiyo nimekimbia kwa bledi, kwanza mbio za kujifurahisha, kisha mita 100 na 200 katika mashindano ya klabu. Sijawahi kulikaribia jukwaa kubwa, wala mimi si fundi wa viungo bandia. Ninayoyasema nimeyapata kwa kuvaa, kwa kuanguka, kwa kusoma, na kwa kuwauliza mafundi maswali mengi kuliko walivyopenda.

Nianze na kile ambacho wengi hukiweka mwisho. Anayetazama kwa mbali huona ubapa mweusi wa kaboni na kudhani teknolojia yote imo humo. Aliyeuvaa anajua kwamba kinachoamua kama leo atakimbia au atakaa pembeni ni soketi, yaani kile kikombe kigumu kinachopokea kigutu, sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Bledi nzuri kwenye soketi mbaya ni mateso matupu, ilhali soketi nzuri yenye bledi ya kawaida tu inaweza kukufikisha mbali. Nitarudi hapo, kwa sababu ndipo nilipopoteza karibu mwaka mzima, lakini kwanza nieleze kwa nini mguu ulio nao sasa hautakufaa kwa mbio.

Kabla sijapata bledi nilijaribu kukimbia kwa mguu wa kutembelea. Nilidumu mita sitini hivi. Mguu wa aina hiyo una kisigino, na umetengenezwa kwa mwendo ambao kisigino hutua kwanza, unyayo ukafuata, na uzito ukahamia mbele taratibu. Ukikimbia nao, kisigino hugonga ardhi kwa kishindo ambacho hakina pa kwenda isipokuwa kupanda moja kwa moja kwenye kigutu. Goti husukumwa mbele kabla halijawa tayari, na pale unapotaka kujisukuma ili uondoke ardhini, unyayo unakaa kimya kama kipande cha ubao. Jioni ile nilipovua niliona ngozi ya mbele ya kigutu imechubuka mahali pawili, na kwa siku nne sikuweza hata kutembea.

Zamani, hata hivyo, watu walikimbia hivyohivyo. Mwaka 1980 Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa sababu ya saratani ya mfupa, alikimbia kwa siku 143 na kufikisha kilomita 5,373 kabla ugonjwa haujamrudia na kumsimamisha. Mguu wake ulikuwa wa kutembelea, uliofanyiwa marekebisho, na katika picha za mbio zake utaona jinsi anavyolazimika kuruka mara mbili kwa mguu mzima ili ule wa bandia upate muda wa kurudi mbele. Kila ninapozitazama picha hizo ninahesabu miruko ile, na bado sielewi kiuno chake kilistahimili vipi.

Mabadiliko makubwa yalianzia kwa mtu aliyekuwa na tatizo hilo mwenyewe. Van Phillips, Mmarekani, alipoteza mguu chini ya goti mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 21, katika ajali ya kuteleza juu ya maji akivutwa na mashua. Hakuridhika na alichopewa, akasomea utengenezaji wa viungo bandia, na katika miaka ya 1980 akatoa unyayo wa nyuzi za kaboni alioupa jina la Flex-Foot. Kutoka humo ukazaliwa ubapa wa mbio uitwao Cheetah, yaani duma, kwa kuwa umbo lake lilichukuliwa kutoka mguu wa nyuma wa mnyama huyo. Kwa maoni yangu, akili ya kazi yake ilikuwa katika kuacha kuiga sura ya mguu wa binadamu na kuanza kuiga kazi yake. Mafundi waliomtangulia walitaka kitu kitakachovaa kiatu na kufanana na mwenzake. Yeye alitaka kitu kitakachopinda na kurudi. Kufikia Paralimpiki ya Atlanta mwaka 1996, Aimee Mullins, aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti, alikuwa akishindana kwa miguu ya kaboni ya umbo hilo, na picha zake ndizo zilizowafanya watu wengi waone kwa mara ya kwanza mguu usiojifanya mguu.

Bledi hutengenezwa kwa kupanga tabaka nyingi za kitambaa cha nyuzi za kaboni kilicholoweshwa gundi ngumu, kisha kukiokea katika kalibu chini ya shinikizo. Idadi ya tabaka na mwelekeo wa nyuzi huamua wapi papinde na wapi pakaze. Unapotua, uzito wa mwili unaoshuka, ambao katika mbio huzidi mara mbili uzito wako ukiwa umesimama, huukunja ubapa. Ubapa huhifadhi nishati hiyo kwa muda mfupi sana, kisha hunyooka na kuirudisha, sehemu kubwa mno, zaidi ya asilimia 90. Kinachopotea ni kidogo. Ukilinganisha na unyayo wa mpira na mbao wa zamani, ambao ulimeza sehemu kubwa ya ulichoupa, utaelewa kwa nini mwenye bledi anaweza kupiga hatua zinazofuatana bila ule mruko wa ziada wa Terry Fox.

Lakini hapo ndipo neno springi linapowapotosha wachangiaji waliotangulia. Mguu wa nyama una springi na injini kwa pamoja: kano ya nyuma ya kisigino hunyumbuka na kurudi, na misuli ya shavu la mguu huongeza nguvu mpya katika kila hatua. Bledi ina springi peke yake. Ukiikanyaga kwa nusu nguvu, itakurudishia nusu hiyo ikiwa imekatwa kidogo, na ukiacha kuikanyaga itasimama tu. Kwa hiyo nguvu ambayo zamani ilitoka kwenye shavu la mguu lazima sasa itoke kwingine, na kwingine huko ni nyonga, misuli ya makalio na ile ya nyuma ya paja. Wiki zangu za kwanza sikuumwa kigutu peke yake. Niliumwa makalio ya kushoto kiasi cha kushindwa kukaa kwenye kiti kigumu, na hakuna aliyekuwa ameniambia nitegemee hilo.

Siku ya kwanza ya kuivaa inafaa kusimuliwa, kwa sababu haifanani na ndoto. Fundi alinisimamisha kati ya fito mbili za kushikilia, akafunga bledi, akasema, "Achia mikono." Nilipoachia nilianza kwenda mbele. Sikuwa nimekusudia. Bledi haina kisigino, hivyo hakuna kitu nyuma yako cha kukutuliza. Ukisimama wima unaanguka kinyumenyume, ukiegemea mbele unaanza kutembea. Kwa miaka hii yote sijajifunza kusimama tuli juu yake. Ukiwatazama wakimbiaji kabla ya mlio wa kuanzia utaona wanachezacheza, wanabadilisha uzito huku na huku. Watazamaji hudhani ni wasiwasi, kumbe wengi wao wanatafuta tu mahali pa kusimama. Baada ya dakika kumi nilitoka kwenye fito nikakimbia ukumbi mzima, hatua kama kumi na tano, na nikasikia mlio ambao sijauzoea hadi leo: mguu wa kulia unatua kwa sauti nzito na laini, wa kushoto kwa sauti kavu na fupi, kama mtu anayetwanga kwa michi miwili isiyolingana. Nilifika ukutani bila kujua jinsi ya kusimama. Nilisimamishwa na ukuta.

Sasa soketi. Kigutu si kitu kimoja. Kina sehemu zinazoweza kubeba uzito na sehemu zisizotaka kuguswa. Kano iliyo chini ya pia ya goti hustahimili, nyama za pande na za nyuma hustahimili, lakini ncha ya mfupa wa muundi uliokatwa na kile kichwa cha mfupa mwembamba upande wa nje wa goti hulalamika mara moja. Kazi ya fundi ni kugawa shinikizo kwa namna ambayo mbio zako zote zipite katika sehemu za kundi la kwanza. Katika kutembea, kosa dogo huvumilika kwa siku nzima. Katika kukimbia, kosa hilohilo hurudiwa kwa nguvu maradufu, mara nyingi kwa dakika, na ngozi haisamehi.

Soketi yangu ya kwanza ya mbio ilitengenezwa kwa kunakili umbo la soketi yangu ya kutembelea, nami sikujua kwamba kuna tatizo katika hilo. Nilipolalamika kwamba ncha ya mfupa inaungua, niliambiwa ngozi itazoea. Haikuzoea, ilitoa malengelenge, malengelenge yakawa kidonda, na nikakaa bila kukimbia kwa muda mrefu. Fundi wa pili hakubishana nami. Alichukua rangi nyekundu ya midomo, akapaka kidogo juu ya ncha ya mfupa, akanivalisha soketi na kunitaka niruke mara kumi papo hapo. Aliponivua, ndani ya soketi kulikuwa na doa jekundu lenye ukubwa wa kidole gumba, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na mguso wowote. Alikwangua, akapaka tena, akanirusha tena, mara nne, mpaka doa likafifia. Saa mbili za kazi zilimaliza tatizo la miezi. Tangu siku hiyo, fundi anayeniambia nizoee maumivu ya mfupa simwamini, ingawa ni kweli kwamba ngozi ya sehemu zinazobeba uzito huhitaji muda wa kukomaa.

Kati ya kigutu na soketi huvaliwa laina ya silikoni au ya jeli, soksi nene isiyopitisha hewa, na kuna njia mbalimbali za kuifunga isichomoke. Ya kwangu ya kutembelea ina pini chini yake ambayo huingia kwenye kufuli kwa milio midogo, kri, kri, kri, na kwa kuhesabu milio hiyo ninajua kigutu kimejaa au kimesinyaa: asubuhi huwa mitano, jioni huweza kufika minane, nami huongeza soksi nyembamba ili kujaza nafasi. Kwa mbio niliacha pini, kwa kuwa kila mguu uliponing'inia hewani ilivuta ncha ya kigutu kama mtu anayekamua, na kila ulipotua ilisukuma. Sasa natumia mfumo wa kufyonza hewa, wenye vali ya kutoa hewa na mkono wa mpira unaofunika ukingo wa soketi na kupanda hadi katikati ya paja. Bledi inakaa kama sehemu ya mwili, na tofauti yake na pini niliihisi katika hatua tatu za kwanza.

Adui wa mfumo huo ni jasho. Laina haipumui, hivyo jasho hukusanyika ndani, na kigutu huanza kuzunguka au kuteleza. Katika mbio yangu ya kwanza ya kilomita 10, baada ya kilomita ya saba nilihisi ncha ya bledi imeanza kuelekea nje, kidogo, kama mtu anayetembea kwa mguu uliopinda. Nilikaa kando ya barabara, nikavua kila kitu, nikapindua laina, na maji yakamwagika yakaacha alama kwenye lami. Nilifuta kigutu kwa taulo dogo nililokuwa nimelichomeka kiunoni, nikavaa upya, nikaendelea. Dakika nne na nusu zilikwenda hapo. Wakimbiaji wa masafa marefu wenye miguu bandia hupanga vituo hivyo kama wengine wanavyopanga vituo vya maji, na katika mbio za siku yenye joto namwona mwenye taulo kuwa na akili zaidi ya mwenye bledi mpya.

Kuhusu bledi yenyewe, kuna mambo matatu ya kuzingatia: umbo, ugumu, na mpangilio. Zile zilizopinda kama herufi C hufungwa chini ya soketi, na mara nyingi ndizo zinazopendekezwa kwa mbio za polepole na ndefu. Zile za umbo la J hufungwa nyuma ya soketi, hushuka kwa urefu, na ndizo utakazoziona kwa wengi wa mbio fupi. Ugumu huandikwa kwa namba, na namba huchaguliwa kwa kuangalia uzito wako na kasi unayokusudia. Hapa niseme wazi: usiazime bledi ya mwenzako. Mimi niliazima ya rafiki aliyenizidi kilo kumi na nane, nikidhani nimepata bahati. Haikujikunja hata kidogo. Kila hatua ilikuwa kama kuruka kutoka kwenye ngazi kwa mguu mmoja, na baada ya mazoezi mawili mgongo ulinikaza chini ya kiuno kwa wiki nzima. Ikiwa laini mno nayo huleta balaa la aina nyingine: unazama, upande mmoja wa nyonga unashuka, na unajiona unakimbia mchangani kwa mguu mmoja na barabarani kwa mwingine.

Mpangilio ni pembe na urefu. Kwa aliyekatwa mguu mmoja, bledi kwa kawaida hupangwa iwe ndefu kwa sentimita chache kuliko mguu mzima wakati amesimama, kwa kuwa itajikunja akitua. Ndiyo sababu nikisimama na bledi naonekana nimeinamia kulia, na nikikimbia nalingana. Skrubu nne ndogo ndizo zinazobeba hesabu hiyo yote, na kuzungusha mojawapo robo mzunguko kunatosha kubadilisha mahali pa kutua. Soli ya chini hubandikwa kwa gundi. Kwa uwanja wa tartani, yaani ule wa mbio uliotandikwa mpira, hufungwa kibao chenye misumari midogo. Kagua gundi hiyo kila mara. Yangu iliwahi kubanduka nusu katika mita ya themanini, na sauti yake ilikuwa kama ya kandambili.

Niingie sasa kwenye ule ubishi wa faida. Kwa aliyekatwa mguu mmoja, kama wewe na mimi, sioni palipo na faida. Mwaka 2010 watafiti waliowapima wakimbiaji wa mbio fupi waliokatwa mguu mmoja walichapisha matokeo kwamba upande wenye bledi ulisukuma ardhi kwa nguvu pungufu kwa takriban asilimia 9 kuliko upande wa mguu mzima, na katika mbio za kasi nguvu hiyo ya kusukuma ardhi ndiyo kila kitu. Mwanzo wa mbio unaumiza zaidi. Kwenye vibao vya kuanzia, mwenye kifundo cha mguu hukunja na kufyatua. Bledi haiwezi kukunjwa kwa hiari, inahitaji uzito uishukie kwanza, hivyo naiweka kwenye kibao cha nyuma na kuutegemea mguu wa kulia kwa hatua mbili tatu za mwanzo. Kona nazo zina dhuluma yake. Mbio za uwanjani huzunguka kuelekea kushoto, na mguu wa ndani ndio unaoteseka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokatwa mguu mmoja walikuwa polepole kwa karibu asilimia 4 katika kona pale bledi ilipokuwa upande wa ndani kuliko ilipokuwa upande wa nje. Mguu wangu uliokatwa ni wa kushoto. Katika mita 200 huwa naitoka kona nikiwa wa tano au wa sita, kisha naanza kuwafuata kwenye mstari ulionyooka, na kwa miaka mingi kocha wangu alidhani ni woga.

Namba za wakubwa zinasema hivyohivyo. Richard Browne, aliyekatwa mguu mmoja chini ya goti, alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.61 huko Doha mwaka 2015, kasi ambayo wengi wetu wenye miguu miwili au mmoja tutaiona kwenye televisheni tu. Lakini rekodi ya Usain Bolt ni 9.58. Kama bledi ingekuwa injini, pengo hilo lisingekuwepo.

Kwa waliokatwa miguu yote miwili suala ni gumu zaidi, na sitajifanya ni jepesi. Hao hawana mguu dhaifu unaolazimika kulingana na mzima, bledi zao ni nyepesi kuliko miguu ya nyama, hivyo huweza kuzirudisha mbele upesi, na urefu wa bledi ni kitu cha kuchagua. Mwanzo wao ni wa polepole, ila wakishashika kasi hawaishiwi haraka, na ndiyo maana mita 400 huwafaa kuliko mita 100. Januari 2008 shirikisho la riadha la dunia, IAAF, lilimzuia Oscar Pistorius wa Afrika Kusini, aliyekatwa miguu yote miwili, kushindana na wenye miguu yao, likitegemea vipimo vilivyofanyika Cologne, Ujerumani, vilivyoonyesha kwamba alitumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 25 akiwa katika kasi ileile. Mei mwaka huohuo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilifuta zuio hilo, sababu mojawapo ikiwa kwamba vipimo viliangalia mbio za mstari ulionyooka katika kasi ya juu na kuacha mwanzo na uongezaji kasi. Alifika nusu fainali ya mita 400 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Wanasayansi waliompima kwa ajili ya rufaa hiyo waligawanyika baadaye hadharani, wengine wakisema faida ipo, wengine wakisema haijathibitishwa, kwa kutumia takwimu zilezile. Wiki chache baada ya Olimpiki hiyo, Pistorius mwenyewe alishindwa na Alan Oliveira wa Brazili katika mita 200 za Paralimpiki, 21.52 kwa 21.45, na akalalamika kwamba bledi za mwenzake ni ndefu mno. Sikumcheka. Mtu aliyetumia miaka akieleza kwamba bledi hazimpi faida ndiye aliyekuwa amegusa penye swali lenyewe.

Swali hilo la urefu likaja kuamuliwa kwa kanuni. Waliokatwa miguu yote miwili sasa huwekewa kimo cha juu kinachoruhusiwa, kinachokadiriwa kutokana na vipimo vya sehemu nyingine za mwili, na kanuni hiyo ilikazwa mwaka 2018. Blake Leeper wa Marekani alipotaka kushindana na wenye miguu yao, mahakama ileile iliamua mwaka 2020 kwamba mzigo wa kuthibitisha haupaswi kumwangukia mwanariadha, ila bledi zake zilimpa kimo kisicho cha asili yake na hivyo faida isiyo halali. Mimi naona uamuzi huo ni wa haki katika kanuni, ingawa fomula ya kukadiria kimo ina maswali yake, hasa ikiwa watu waliopimwa ili kuiunda si wa maumbile yote. Johannes Floors wa Ujerumani, ambaye alikatwa miguu yote miwili akiwa kijana, alikimbia mita 400 kwa 45.78 mwaka 2019 huko Dubai, baada ya kanuni kukazwa. Rekodi ya dunia ya wenye miguu yao ni 43.03.

Kwa waliokatwa juu ya goti nitagusia tu, kwa kuwa sijaishi hali hiyo. Wao hulazimika kuvaa goti la kimakanika pia, na lazima wahakikishe kwa nguvu ya nyonga kwamba limenyooka kabla halijatua, la sivyo linajikunja chini yao. Gharama yake inaonekana katika saa: katika Paralimpiki ya Tokyo mshindi wa mita 100 za wanawake waliokatwa mguu mmoja juu ya goti alikuwa Ambra Sabatini kwa 14.11, iliyokuwa rekodi ya dunia, na wa zile za waliokatwa chini ya goti alikuwa Marlene van Gansewinkel kwa 12.78. Goti hilo peke yake lina uzito wa zaidi ya sekunde nzima. Ndiyo sababu kuna madaraja tofauti: T61 na T62 kwa waliokatwa miguu yote miwili, juu na chini ya magoti, T63 na T64 kwa waliokatwa mmoja. Wewe utakuwa T64. Injini na betri haziruhusiwi katika daraja lolote. Bledi lazima itumie nguvu zako tu.

Umeuliza mwishoni kama uagize bledi sasa hivi. Nakushauri usubiri kidogo. Miezi minane ni mapema, kwa kuwa kigutu bado kinasinyaa, na soketi itakayopimwa leo huenda ikapwaya kabla hujaizoea. Chukua daftari, andika kila asubuhi na kila jioni idadi ya soksi unazovaa ili mguu ukae vizuri. Wakati huohuo lala chali, weka kigutu juu ya mto ulioviringishwa, na uinue kiuno kwa upande huo peke yake, seti tatu za kumi, kila siku. Utahitaji makalio hayo. Soksi zikikaa idadi ileile kwa wiki sita au nane mfululizo, nenda kwa fundi ukiwa na daftari lako, mwombe soketi iliyopimwa upya kwa ajili ya mbio, na umwulize kama atakubali kukurusha papo hapo huku amepaka rangi kwenye ncha ya mfupa. Akikushangaa, tafuta mwingine.